Injini ya Ford angani

Jamani, kuna watu wabishi duniani! Wiki hii nimekuwa nikisoma habari za mmoja wao, Bernard Pietenpol, fundi wa kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota kule Marekani. Hakusomea uhandisi. Alichotaka ni ndege ambayo mtu wa kawaida angeweza kuijenga mwenyewe kwa mbao na kitambaa. Kilichomkwamisha ni bei ya injini ya ndege.

Weston Farmer, mhariri wa jarida la Modern Mechanics, alikuwa ameshikilia kwamba injini ya gari haifai kurusha ndege. Pietenpol hakumjibu kwa maneno matupu. Ndege yake, Air Camper, ilikuwa imesharuka mwaka 1929 kwa injini ya Ford Model A. Aprili 1930, yeye na mwenzake wakarusha mbili hadi eneo la Minneapolis, mhariri azione kwa macho yake. Mwaka 1932 michoro ya ndege hiyo ikachapishwa na wachapishaji wale wale wa jarida! (Sisi waandishi tungekuwa tunakubali kushindwa namna hiyo, magazeti yangenoga.)

Lakini mimi naona Farmer hakuwa mjinga. Gari barabarani hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za injini yake. Ndege hupaa mafuta yakiwa yamefunguliwa mpaka mwisho, kisha injini inaendelea kuvuta kwa nguvu muda wote. Ikizima, hakuna pembeni pa kuegesha. Ndiyo maana injini za ndege huwekewa plagi mbili kila silinda, moja ikifa nyingine iokoe. Ford ilikuwa na moja moja. Halafu ilikuwa nzito, zaidi ya kilo 100 kwa nguvu farasi 40 hivi.

Kilichoiokoa ni uvivu wake. Ilikuwa na nguvu ya kutosha hata ikizunguka polepole, kwa hiyo propela ilifungwa moja kwa moja kwenye shafti. Injini nyingi za magari ya baadaye hutoa nguvu zikizunguka kasi mno, na propela haitaki kasi hiyo, hivyo lazima uweke giaboksi katikati. Gharama nyingine, uzito mwingine, kitu kingine cha kuharibika.

Na rejeta je? Pietenpol aliisimamisha juu ya injini, mbele kabisa ya macho ya rubani! Miaka ya 1960 akaanza kufunga injini ya Chevrolet Corvair, silinda sita, inayopozwa kwa hewa. Rejeta ikaondoka, rubani akaona anakokwenda.