Uhariri wa Rangi: Ufufuaji wa Filamu ya Méliès

Mhariri wa miswada ya kale hukabiliwa daima na swali moja: lipi ni kosa la mnakili, na lipi ni neno la mtunzi? Swali hilo limezuka pia katika fani ya filamu, tangu kompyuta ianze kutumiwa kufuta dosari na kupaka rangi katika picha za mkanda, moja baada ya nyingine.

Filamu ya Mfaransa Georges Méliès, Le Voyage dans la Lune, ilitolewa mwaka 1902. Nakala chache zilipakwa rangi kwa mkono. Karakana mashuhuri ya kazi hiyo mjini Paris ilikuwa ya Elisabeth Thuillier, ambamo kila mfanyakazi wa kike alipewa rangi moja tu, na mkanda ukapita kutoka mkono hadi mkono. Majina ya wengi wao hayajulikani.

Nakala ya rangi ilidhaniwa kuwa imepotea hadi ilipogunduliwa mwaka 1993 katika hifadhi ya filamu ya Barcelona, mkanda ukiwa umegandamana na kuvunjikavunjika. Vipande vilitenganishwa kwa subira na kupigwa picha. Mwaka 2010 mafundi walianza kuzirekebisha kwa kompyuta picha zote 13,375. Penye shimo, sehemu nzima ya picha jirani ilinakiliwa kuliziba. Palipokosekana picha kabisa, ilitwaliwa kutoka nakala isiyo na rangi, ikapakwa upya ili ilingane na wenzake. Kazi hiyo ilionyeshwa Cannes mwezi Mei 2011.

Hapa ndipo penye mtego. Brashi ya kompyuta haichoki, wala haitoki nje ya mstari. Brashi ya mkono hutoka. Rangi iliyovuka ukingo wa vazi si uchafu, bali ni alama ya mkono wa mfanyakazi asiyetajwa. Aidha, katika nakala hiyo bendera inayopeperushwa chombo kirushwapo ina rangi za Hispania, ishara kwamba ilitengenezewa mwonyeshaji wa huko. Mrekebishaji ambaye angeipaka rangi za Ufaransa, kwa hoja kwamba filamu ni ya Kifaransa, angedhani amesahihisha kosa, kumbe amefuta ushahidi.

Kwa hiyo ufundi wa mrekebishaji, kama wa mhariri, haupimwi kwa alichoweza kukiondoa tu, bali pia kwa alichojua kukiacha.