Dainamo, Alternata na Waya Mwembamba

Msomaji mpenzi, huenda siku moja ukakuta gari la zamani limelala bandani, nawe ukatamani kulifufua. Mkono wako utakimbilia bisibisi. Usiuache ukimbie. Gari kuukuu ni kama mzee mgonjwa: kabla ya kumtibu, yafaa umuulize alizaliwa lini na amepitia nini. Mimi sikuuliza, na hasara yake nitakusimulia.

Mzee mmoja aliniaminia gari lake, MGB la mwaka 1965. Dainamo yake ilikuwa imechakaa, nami nikafunga alternata mahali pake. Niliunga nyaya moja moja kwa uangalifu, nikidhani kuwa uangalifu watosha. Nilipokaza ncha ya mwisho ya betri, waya mnene ulifuka moshi, na kabla sijaichomoa ncha ile, alternata ilikuwa imekwisha kuungua. Mzee hakusema neno. Alilifunika gari lake kwa turubai, akaenda zake. Ukimya ule ulinipeleka vitabuni.

Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya msokoto wa waya, umeme hupita katika waya ule. Mwaka 1832, Hippolyte Pixii wa Ufaransa alitengeneza mtambo wa kuzungusha sumaku mbele ya misokoto ya waya. Umeme wake ulikwenda mbele na kurudi nyuma, kama bembea. Kwa shauri la André-Marie Ampère, Pixii aliongeza kigeuzi cha kuuelekeza umeme ule upande mmoja.

Dainamo ya gari ilirithi shauri hilo, kwa kuwa betri haijazwi ila kwa umeme wa upande mmoja. Ndani yake vipande vya kaboni hugusa mapande ya shaba yanayozunguka, na umeme hutoka umenyooka. Haja yake ilizidi mwaka 1912, Cadillac ilipouza magari yanayowashwa kwa umeme badala ya mkono. Lakini dainamo ilikuwa na kasoro: kaboni zililika, na injini ilipozunguka polepole, betri haikupata kitu cha maana.

Dawa ilipatikana katika miaka ya 1950, zilipotokea daiodi za silikoni. Daiodi ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu: umeme ukienda hupita, ukirudi huzuiwa. Basi mtambo uliachwa utoe umeme wa bembea kama ule wa kwanza wa Pixii, na daiodi zikaunyosha. Huo ndio alternata. Chrysler iliufunga katika gari la Valiant la mwaka 1960. MGB liliupata mwishoni mwa mwaka 1967. Dainamo yake ya kwanza ilitoa ampea 22, na alternata iliyoifuata ilitoa ampea 34.

Hapa ndipo palipokuwa na siri ya moshi wangu. MGB la mwaka 1965, kama magari mengi ya Uingereza ya wakati ule, liliungwa upande chanya wa betri katika bodi ya gari. Alternata niliyoifunga ilitaka upande hasi. Nilipoziunga pande hizo kinyume, milango yote ya daiodi ilifunguka pamoja, na nguvu za betri zikapita bila kizuizi.

Nilinunua alternata nyingine kwa mshahara wangu, nikazigeuza pande za betri. Moshi haukutokea, lakini betri haikujaa. Nilikuwa nimeuacha waya mwembamba wa taa nyekundu ya dashibodi, nikiudhani pambo. Kumbe chuma cha dainamo hubaki na usumaku kidogo hata kikilala, lakini alternata nyingi huanza kazi kwa umeme kidogo unaopita katika taa ile. Waya ukikatika, au taa ikiungua, mtambo waweza kuzunguka mchana kutwa usitoe kitu.

Kwa hiyo, msomaji, tazama kwanza ni upande gani wa betri ulioungwa katika bodi. Fungua ncha za betri kabla ya kugusa waya wowote. Usiidharau taa ndogo, wala usiichomoe betri injini ikinguruma, kwani daiodi zaweza kuharibika.

Nilipouunga waya ule na kuwasha injini, taa nyekundu iling'aa kidogo, kisha ikazimika, ishara kwamba betri yapokea. Mzee aliliondoa turubai lililosalia nyuma, akalikunja vizuri, akaniambia, "Mwalimu, ingia twende." Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nami nilikuwa mtumwa wa gari lile mpaka nilipoijua asili yake.