Mwana Kupona aliomba nini?

Wengi wetu Utendi wa Mwana Kupona tuliusikia harusini, au kwa shangazi anayetaka kumfunza bibi harusi adabu: mtii mume, mkande, mpepee. Mimi niliuweka kando kitambo, manake niliona haunihusu. Nikaurudia mwaka jana mama alipolazwa, nimekaa kando ya kitanda chake usiku, usingizi hauji. Safari hii niliusoma mpaka mwisho.

Turudi nyuma kidogo. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kisiwani Pate. Miaka ya 1840 watu wa Siyu walipigana na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar, wakayarudisha nyuma. Bwana Mataka akafariki 1856. Miaka miwili baadaye, 1858, Mwana Kupona ni mjane, anaumwa, na binti yake Mwana Hashima bado kijana. Anamwita aje karibu na wino na karatasi.

Hebu fikiria hali hiyo. Huyu mama anajua huenda hatakuwepo. Usia wake anaufananisha na hirizi ya kufungwa kwa uzi, na jambo la kwanza analomwambia mtoto ni ashike dini. Mume anakuja baadaye. Halafu, ushauri ukiisha, inafuata dua: anamwomba Mungu amwondolee maradhi, awahifadhi watoto wake na jamaa zake, amsamehe. Utenzi ulipochapishwa Uingereza 1934, kichwa cha kitabu kilitaja wajibu wa mke tu. Nadhani ndiyo maana wengi hatukufika kwenye dua.

Hakupona, licha ya jina lake. Alifariki miaka michache baadaye.

Sasa tumaini lake lilikuwa wapi? Mi naona liko kwenye mpangilio wenyewe. Hakungoja apone ndipo aandike, wala hakuacha kuomba kwa kuwa ameshaandika usia. Alimwachia Mungu uhai wake, na huku akamwandalia mwanawe maisha bila yeye.

Mimi usiku ule nilikuwa naomba kitu kimoja tu: mama apone. Asubuhi nikaendelea kuomba hilo hilo, lakini nikatoa simu, nikamwambia, "Mama, nitajie majina ya bibi zako, mmoja mmoja." Akacheka, akaanza kunitajia.