Kanisa Lisilokuwa na Msingi

Kanisa ninalolifuatilia katika mwambao wa Ruvuma, Ziwa Nyasa, halikuwa na msingi wala kuta za mawe. Lilikuwa meli.

Chauncy Maples, meli ya misheni ya Kianglikana, iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikaletwa vipande vipande. Boila lake la tani 11 lilikokotwa nchi kavu na Wangoni 450. Ilishushwa majini mwaka 1901, ndani yake mkiwa na kanisa, shule na zahanati. Padri William Percival Johnson, aliyezikwa Liuli mwaka 1928, alisafiri nayo akihudumia vijiji vya pwani.

Mwaka 1953 misheni iliiuza. Baadaye ikabeba abiria Malawi.

Ilipewa jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Ila kwangu, waashi wa kanisa hili ni wale 450.