Maakuli ya Mimea kwa Gharama Ndogo katika Tunduma na Mkoa wa Songwe

Maakuli ya mimea kwa gharama ndogo ni utaratibu wa kula ambao aila hutegemea nafaka, kunde, mbegu za mafuta, mboga za majani na matunda, ilhali nyama, samaki, maziwa na mayai ama huachwa kabisa ama huonekana mezani kwa nadra. Katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na ambao makao yake makuu ni Vwawa, utaratibu huu si jambo geni, kwani wengi huushika kwa uchache wa fedha, na wengine kwa hiari, kwa ajili ya siha au dini.

Mazao na bei

Mkoa una wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, pamoja na mji wa Tunduma, unaotazamana na Nakonde ya Zambia. Mbozi, nchi ya Wanyiha, ni maarufu kwa mahindi, maharage na kahawa. Momba, nchi ya Wanyamwanga, hutoa ulezi, mtama, ufuta na karanga, na mpunga hulimwa katika bonde la Ziwa Rukwa. Mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili au Mei, na kwa sababu hiyo chakula huwa rahisi baada ya mavuno na huwa ghali kati ya Januari na Machi, wakati ghala za wengi zimekwisha kuwa tupu.

Tunduma ina jambo lake la ziada. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita hapo, na tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha huhudumia shehena ziendazo Zambia na Kongo. Hivyo basi mlaji wa Tunduma hushindana sokoni na mlaji wa Lusaka na wa Lubumbashi. Mwaka 2024, Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, mahindi ya Tanzania yalihitajika mno ng'ambo ya mpaka. Fukara anayenunua unga kwa kilo moja moja ndiye huumizwa kwanza na mabadiliko ya namna hiyo, na akiba ya gunia lililonunuliwa wakati wa mavuno ndiyo kinga yake.

Misingi ya mlo

Ugali wa mahindi ndio nguzo, lakini thamani yake hutegemea unga. Dona, usagwao pamoja na kiini na pumba, hubakiza mafuta, madini na vitamini ambazo sembe hupoteza kinuni au mashineni, na tena hauna gharama ya kukoboa. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ilhali maharage yana laisini nyingi na upungufu wa methionini. Vikiliwa pamoja, kwa kadiri ya sehemu mbili au tatu za nafaka kwa sehemu moja ya kunde, kila kimoja hujaza pengo la mwenziwe. Hii ndiyo hekima ya kande, chakula cha mahindi na maharage katika chungu kimoja. Miongoni mwa maharage yapendwayo ni Uyole Njano, mbegu iliyotokana na utafiti wa kituo cha Uyole, Mbeya.

Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi na kupunguza matumizi ya mkaa, gharama ambayo mara nyingi husahauliwa katika hesabu ya chakula. Magadi nayo huharakisha kuiva, lakini huharibu vitamini B1. Karanga zilizotwangwa, zenye takriban robo ya uzito wake protini na karibu nusu mafuta, huungwa katika mchicha, majani ya maboga, mnavu, matembele au kisamvu, zikaondoa haja ya kununua mafuta ya chupa. Uji wa ulezi una madini ya chokaa (kalsiamu) mengi kupita mahindi na mchele, na parachichi, msimu wake ufikapo, huwapa watoto mafuta mema kwa bei ndogo.

Chikanda

Mpakani hupatikana pia chikanda, viazi vidogo vya okidi za porini, vilivyokaushwa, vikasagwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga, magadi, chumvi na pilipili hata vikagandamana na kukatwa vipande mithili ya nyama. Wazambia hukipenda sana, na biashara yake imepita Tunduma kwa miaka mingi. Lakini kuchimba kiazi ni kuua mmea, na okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Uharibifu huo ulikuwa moja ya sababu za kulindwa kwa uwanda wa Kitulo, uliotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Chikanda, basi, hakifai kuwa tegemeo la maskini.

Hadhari

Wingi wa chakula si dhamana ya siha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka 5 ukiwa asilimia 30 nchini, lakini asilimia 56.9 katika Iringa, mkoa ambao, kama Songwe, huvuna mahindi tele. Tumbo lililoshiba ugali mtupu halijalishwa. Vitamini B12 haipatikani katika mimea, na kwa hiyo asiyegusa kabisa mazao ya wanyama sharti aipate kwa vidonge au chakula kilichoongezewa virutubishi. Mama mjamzito na mtoto mdogo wasinyimwe yai au dagaa vipatikanapo. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zitupwe, kwani sumukuvu iliua watu katika Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nafaka ikaushwe barabara, ikahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa.

Kwa jumla, aila ya Songwe yenye kipato kidogo yaweza kula vema kwa mimea, iwapo itanunua wakati wa mavuno, itasaga dona, na haitaruhusu siku ipite bila kunde na mboga za majani kando ya ugali.