Swali Lililochelewa: Kalenda ya Kuhoji Serikali za Kaunti Nchini Kenya

Tangu kaunti 47 za Kenya zianze kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, ubishi kuhusu nani mwenye haki ya kumhoji gavana umeendeshwa kama kesi ya mpaka wa shamba. Maseneta wanashika Kifungu cha 96 cha Katiba, kinachowapa usimamizi wa mapato ya kitaifa yanayogawiwa kaunti. Magavana wanashika Kifungu cha 185, kinacholipa bunge la kaunti jukumu la kuisimamia serikali ya kaunti, na kuuliza ni kwa nini wapande ndege kwenda Nairobi kujibu maswali ambayo wawakilishi wadi wangewauliza nyumbani. Kuanzia Mahakama Kuu mwaka 2014, majaji wamekubali kwamba Seneti ina uwezo wa kuwaita magavana, na kwa upande wa sheria sioni cha kuongeza. Ninachopinga ni dhana inayobebwa na pande zote mbili, kwamba tukishajua nani auliza na wapi, uwajibikaji utafuata wenyewe. Mgao wa kaunti, uliokuwa takriban shilingi bilioni 190 mwaka wa fedha 2013/14, ulifika bilioni 370 mwaka 2021/22. Fedha zimekuwa karibu maradufu, na swali bado linaulizwa zikiwa zimekwisha kutumika. Kasoro kubwa ya uhojaji wetu iko kwenye kalenda.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 229, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni kukamilisha ukaguzi, yaani hadi mwisho wa Desemba. Bunge au bunge la kaunti nalo lina miezi mitatu ya kuijadili ripoti na kuchukua hatua. Kwenye karatasi, basi, fedha zilizolipwa Julai zinaweza kungoja zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya mtu kuzitolea maelezo mbele ya waheshimiwa. Weka kando ya ratiba hiyo tarehe nyingine ya kikatiba: uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Mwaka 2017 ilikuwa tarehe 8 Agosti. Mwaka 2022, tarehe 9. Mwaka wa fedha hufungwa siku 40 hivi kabla ya kura, na ukaguzi wake hukamilika wakati gavana mpya amekwisha kukaa kitini kwa miezi minne. Kwa hiyo mwaka wa mwisho wa kila muhula, ambao ndio mwaka wenye vishawishi vikubwa zaidi vya matumizi, hauwezi kuhojiwa kupitia ripoti ya ukaguzi kabla ya mwananchi kupiga kura. Na gavana akiwa anaondoka, kama walivyoondoka mwaka 2022 wale waliokuwa wamemaliza mihula miwili tangu 2013, hatahojiwa akiwa ofisini kamwe. Hili halitokani na uzembe wa mtu yeyote. Ni tarehe mbili zilizoandikwa katika Katiba moja bila kutazamana.

Tuchukue zahanati moja ya kubuni ili tuone jambo hili kwa karibu. Iliwekwa katika mpango wa maendeleo wa mwaka 2021/22, mkandarasi akapewa kazi, akalipwa Mei 2022 kuta zikiwa zimefika usawa wa madirisha. Hesabu zinafungwa Juni. Wakaguzi wanafika, wanaomba cheti cha kuthibitisha kazi iliyofanyika, hawapewi, nao wanaandika sentensi ambayo kila anayesoma ripoti hizi anaijua kwa moyo: stakabadhi hazikuwasilishwa wakati wa ukaguzi. Hatimaye kamati ya Seneti inaketi. Gavana yuko mezani na maafisa wake nyuma yake, na aya zinasomwa moja baada ya nyingine. Ikifikiwa zahanati, gavana anaeleza kwamba aliapishwa Agosti 2022, kwamba afisa mkuu wa idara wa wakati ule hayupo tena, na kwamba faili sasa limepatikana na litawasilishwa kwa wakaguzi. Kila sehemu ya jibu hilo inaweza kuwa kweli, na ukuta ukabaki palepale kwenye madirisha. Swali lilikuwa zuri, lakini aliyepaswa kulijibu hayumo chumbani, na fedha ambazo lingezizuia hazipo tena.

Kuna wanaosema dawa ni kumwita gavana mstaafu. Seneti inaweza kumwita mtu yeyote. Kifungu cha 125 kinaipa uwezo kama wa Mahakama Kuu. Lakini mstaafu huja bila faili, bila wasaidizi na, muhimu zaidi, bila bajeti inayoweza kupunguzwa iwapo majibu yake hayaridhishi. Akibanwa kwa ushahidi, hiyo ni kazi ya wapelelezi na mahakama. Kuhoji na kushtaki ni shughuli mbili, ingawa kamera za runinga zimetuzoesha kuzichanganya.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni kwamba hata kalenda ikirekebishwa, mabunge ya kaunti yamekwisha kutekwa na magavana, hivyo kuyaachia uhojaji ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Sikatai kwamba mwakilishi wadi anayeomba barabara ipite kwake hana haraka ya kumuudhi mwenye kuitengeneza, wala kwamba fedha za bunge lenyewe hupitia hazina ileile ya kaunti inayopaswa kuhojiwa. Ila hoja ya utekwaji inadhani kuwa Seneti iko nje ya mnyororo huo wa maslahi, na matokeo ya uchaguzi wa 2022 hayaiungi mkono. Johnson Sakaja wa Nairobi, Irungu Kang'ata wa Murang'a, Susan Kihika wa Nakuru, Kimani Wamatangi wa Kiambu na Mutula Kilonzo Jnr wa Makueni walikuwa maseneta hadi mwaka huo, na wote wakachaguliwa magavana wa kaunti zao. Sisemi waliuliza kwa nia mbaya. Nasema tu kwamba kiti cha seneta kimekuwa ngazi ya kiti cha gavana, na anayekitazama kiti hana ukali uleule kama asiyekitamani: pengine anao zaidi ya kiasi, pengine pungufu.

Isitoshe, mabunge ya kaunti hayajakosa ukali. Yamekosa daraja la kati. Gavana si mjumbe wa bunge la kaunti, wala mawaziri wake si wajumbe. Wanaotamani kipindi cha maswali kama kile cha Alhamisi katika bunge la Scotland wasahau, maana kule waziri kiongozi ni mbunge. Kwetu, bunge lililokaa kimya kwa miaka huruka moja kwa moja hadi kwenye hoja ya kumng'oa gavana. Embu ilianza mapema mwaka 2014 kwa Martin Wambora. Meru ilimwondoa Kawira Mwangaza mara tatu kati ya 2022 na 2024 kabla ya Seneti kukubali. Lolote mtu atakalolisema kuhusu tuhuma zenyewe, bunge linalofika kwenye silaha ya mwisho mara tatu haliwezi kuitwa la woga. Kinachopungua ni swali dogo la kila robo mwaka, linalomkera afisa bila kumfukuza mtu.

Swali hilo lina msingi wa kisheria uliopo tayari, nao haupewi uzito unaostahili katika maandishi kuhusu ugatuzi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka hazina ya kaunti iwasilishe bungeni ripoti ya matumizi ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo ya mwaka. Ripoti ya nusu mwaka inayoishia Desemba inapaswa kufika kabla ya Januari kwisha. Sheria hiyohiyo inataka Waraka wa Mkakati wa Kifedha wa Kaunti, unaoweka vikomo vya kila idara kwa mwaka unaofuata, uwasilishwe ifikapo tarehe 28 Februari, na bunge lina siku 14 za kuupitisha, likiurekebisha au la. Wengi huelekeza macho yao Aprili, makadirio ya bajeti yanapokuja. Aprili imechelewa. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 haziruhusu bunge kuongeza au kupunguza fungu kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake, na kikomo chenyewe kilikwisha kuamuliwa Februari. Nguvu halisi ya bunge la kaunti juu ya shilingi ambazo bado hazijatumika imebanwa katika wiki hizo mbili, ripoti ya nusu mwaka ikiwa mezani pamoja na waraka wa mkakati. Turudi kwenye zahanati yetu. Februari 2022 mkandarasi alikuwa hajalipwa senti. Idara ya afya ilikuwa inaomba kikomo cha mwaka mwingine wakati ripoti yake inaonyesha mradi umesimama, na Kifungu cha 39 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinairuhusu kamati kumwita waziri wa idara ajibu.

Huenda mtu akasema ripoti za nusu mwaka hazina kitu, kwa kuwa fedha za maendeleo hutumika kwa pupa miezi ya mwisho. Ndiyo maana hasa zisomwe. Safu tupu mwezi Desemba ndiyo dalili ya Juni yenye vurugu, na kuizungumzia safu hiyo tupu kunagharimu kidogo kuliko kutafuta cheti kilichopotea miaka miwili baadaye. Kwa maoni yangu, kanuni za kudumu za mabunge ya kaunti zikatae kuujadili waraka wa mkakati mpaka maafisa wakuu wa idara wawe wamejibu kwa maandishi maswali ya kamati kuhusu nusu mwaka. Hakuna mstari wa Katiba unaohitaji kubadilishwa. Pengine ni mabunge machache yatakayokuwa na makarani na watafiti wa kutosha kuifanya kazi hiyo vizuri mwaka wa kwanza.

Seneti nayo ina kazi ambayo bunge la kaunti haliwezi. Jibu linalotolewa kila mara kuhusu safu zile tupu ni kwamba Hazina ya Kitaifa imechelewesha mgao. Mara nyingi ni kweli, mara nyingine ni kisingizio, na kamati iliyoketi Kapenguria au Hola haina njia ya kutofautisha. Seneti inayo. Tangu mawaziri wa serikali kuu waanze kufika mbele ya Seneti nzima mwaka 2023 kujibu maswali, waziri wa fedha anaweza kutakiwa aeleze, kaunti kwa kaunti, fedha zilitoka tarehe gani. Kikao kimoja cha aina hiyo mwishoni mwa Januari kingempa kila mwakilishi wadi kipimo cha kujua kama anadanganywa. Ni kazi isiyo na mvuto wa runinga, na maseneta wameonekana kupendelea ankara za kaunti, ambazo wakaguzi wa ndani wangezisoma wenyewe.

Uchaguzi ujao umepangwa tarehe 10 Agosti 2027, na hesabu za mwaka wa mwisho wa muhula huu zitafungwa siku 41 kabla yake. Magavana waliochaguliwa mara ya kwanza mwaka 2017 na kurudishwa 2022 hawataiona ripoti ya ukaguzi ya hesabu hizo wakiwa ofisini. Nafasi ya kuwauliza kuhusu mwaka huo kabla kikomo kinachofuata hakijawekwa itafunguka na ripoti inayopaswa kuwa mezani kufikia tarehe 31 Januari 2027, na itafungwa katikati ya Machi.