Kufufua deki ya kaseti: kanda zetu nazo ni nyaraka



Tukizungumzia nyaraka za Waswahili, fikra zetu hukimbilia miswada, zile tenzi za khati za Kiarabu zilizohifadhiwa SOAS mjini London au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni sawa. Lakini miaka ya 1970 hadi ya 1990 ina nyaraka zake nyengine, na wengi wetu tunazo uvunguni, ndani ya maboksi ya viatu. Nakusudia kaseti. Miezi hii nimekuwa nikiifufua hapa nyumbani deki ya Kijapani ya mwaka 1979 ili nizisikilize zangu, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoona kwamba kazi hii ni ya mwanahistoria, si ya fundi redio peke yake.

Kaseti ilibuniwa Hasselt, Ubelgiji, katika kiwanda cha Philips, na kikundi kilichoongozwa na Mholanzi Lou Ottens, ikaonyeshwa hadharani Berlin mwaka 1963. Ilikusudiwa maneno: imla za ofisini, mahojiano, kumbukumbu. Utepe wake ni mwembamba, hata milimita 4 haufiki, na unakwenda polepole, sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa muziki ulikuwa na mchakacho mno, mpaka ulipokuja mtambo wa Dolby wa kupunguza kelele. Philips iliwaruhusu wenye viwanda wengine waitengeneze bila ya malipo, mradi wafuate vipimo vyake. Ndiyo maana kanda iliyorekodiwa Maskati ilisikilizwa Mombasa bila ya taabu.

Kwa taarab, habari hii tunaijua. Siti binti Saad mwaka 1928 alilazimika kupanda meli hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Nusu karne baadaye, Mbwana Radio Service pale Mombasa ikirekodi na kuuza kanda za akina Juma Bhalo na Zein l'Abdin, na mwenye redio ya mifuko miwili akinakili nyumbani kwake apendavyo. Peter Manuel alishaeleza mwaka 1993 jinsi kaseti zilivyougeuza muziki wa India ya kaskazini, na wengi hapa mmemsoma, kwa hiyo sirefushi.

Lililoandikwa kidogo mno ni barua za sauti. Baada ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, familia nyingi ziligawika: huyu Unguja, huyu Maskati, huyu Dubai, huyu Uingereza. Kaseti ilitiwa mfukoni mwa msafiri, ikafika. Watu husema sababu ilikuwa bei ya simu, au woga wa barua kufunguliwa njiani. Zote ni kweli, lakini naona ipo ya tatu. Bibi zetu walijua kuandika, tena Kiswahili safi, ila kwa herufi za Kiarabu walizosomeshwa chuoni. Wajukuu walijua herufi za Kirumi tu. Barua ya bibi ilihitaji mtu wa tatu aisome, na mbele ya mtu wa tatu si kila neno linasemwa. Kaseti ikaliondoa pazia hilo. Bibi akabonyeza vitufe viwili, akaanza: "Enhe, mwanangu, unanisikia?"

Basi, deki. Ilipokuja iliwaka taa na isizungushe kitu. Ukiifungua mashine ya umri huo, kwanza tazama belti za mpira. Zangu zilikuwa zimeyeyuka zikawa kama lami, zimegandia kwenye magurudumu. Belti mpya zinapatikana, ila ile lami haina njia ya mkato: pamba, spiriti na subira, mpaka chuma king'are. Kile kigurudumu cha mpira kinachobana utepe kilikuwa kimekuwa kigumu kama kokwa, nikakibadilisha, maana ndicho kinachosababisha ile hali tuliyozoea kuiita "redio imekula kanda". Hedi zikasafishwa kwa spiriti, kisha zikaondolewa sumaku iliyojikusanya humo kwa miaka, ambayo ukiiacha hupunguza sauti nyembamba za kanda kila unapoipiga. Hadi hapa ni ufundi wa kawaida, fundi yeyote wa Darajani angeumaliza kwa siku moja.

Kazi ilianza kwenye mwendo. Unaweza kuirekebisha mota ya deki kwa kanda ya vipimo ikawa sawasawa kabisa, na bado ukasikia uongo, kwa sababu mashine ya bibi haikuwa sawasawa. Nina kanda ambayo mzee mmoja anaanza kwa sauti ya kiutu uzima, na kila dakika zikipita anazidi kuwa kijana na kusema mbio. Hakuwa na haraka. Betri zilikuwa zikimwishia! Utepe ulipita taratibu wakati wa kurekodi, nami nikiupiga kwa mwendo wa sawa, maneno yanakimbia. Mtu asiyelijua hilo angeweza kuandika kurasa nzima kuhusu hisia za msemaji.

Redio ikiwa imechomekwa ukutani, mara nyengine tunapata msaada. Umeme wa Unguja, kama wa Oman na Uingereza, hutetema mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake huingia kwenye rekodi. Programu ya kompyuta inaupima. Ukiukuta ni 52, basi kanda inakwenda mbio kwa asilimia 4, unaishusha. Wenzetu wa miswada hupima karatasi na wino, sisi tuna mvumo wa umeme.

Halafu kuna pembe ya hedi. Mwanya wa hedi unatakiwa usimame wima kabisa juu ya utepe. Ukipinda kidogo tu, sauti nene hubaki na nyembamba hupotea. Sasa, ikiwa redio iliyorekodi ilikuwa na hedi iliyopinda, na redio za mikono mingi zilipinda sana, deki iliyonyooka ndiyo itakayosikia vibaya. Inabidi uifuate kanda ilivyo: bisibisi ndogo kwenye skrubu ya hedi, robo ya robo ya mzunguko, masikio wazi, ukishaweka alama pale ilipokuwa ili urudi. Wako wanaosema kila kanda ipigwe kwa kipimo cha kiwandani basi. Siwaafiki. Hiyo ni heshima kwa kiwanda, si kwa msemaji.

Kwa wanaisimu wa hapa hili lina uzito wake. Sauti nyembamba ndizo zinazotenganisha *s* na *th*. Kwenye kanda moja ya mwaka 1981 sikuweza kujua kama bibi amesema "thelathini" au "selasini", na kwa anayefuatilia lahaja na usomi wa msemaji, hilo si dogo. Nilipoipata pembe, ilikuwa "selasini", mara tatu, na "Alkhamisi" kwa *kh* ya kooni kabisa. Pamoja nayo vikaja vikombe vya muuza kahawa vikigongana nje ya dirisha, ambavyo kabla ya hapo vilikuwa kishindo tu.

Dolby nimeizima, kwani redio zile hazikuwa nayo. Kila kanda naihifadhi mara mbili, moja ilivyotoka na moja iliyosawazishwa mwendo, na ile ya kwanza siigusi. Zilizobaki ni C120, ambazo utepe wake una mikroni 9 tu, nusu ya ule wa C60. Hizo tulizipenda kwa saa zake mbili, na ndizo zinazokatika upesi. Mwenye uzoefu nazo anijulishe kabla sijazitia mashineni, khasa kama aliwahi kuzihamishia kwenye ganda jipya.

Wasalaam.